Miaka Mitano ya Kompyuta Moja: Idara za Chuo na Maombi ya Fedha za Teknolojia



Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilisimika kompyuta yake ya kwanza. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katikati ya miaka hiyo hesabu za Serikali zilikuwa zimehamishiwa kwenye mashine na kazi ikavurugika. Mfumo uliwategemea wataalamu kutoka nje, Watanzania walioweza kuuendesha walikuwa wachache mno, na hasara ilifikia kiasi cha kuifanya nchi ifunge mlango. Marufuku hiyo ililegezwa polepole tu katika miaka iliyofuata.

Naanzia hapo kwa sababu fedha ya kununulia haikukosekana. Ilipatikana, na mashine ikafika. Hakuna aliyekuwa amepiga hesabu kamili ya yale ambayo mashine ingedai baada ya kufika: watu, mafunzo, umeme, muda wa kuzoea. Leo kompyuta hazipigwi tena marufuku, lakini pengo lile lile huonekana katika maombi ya bajeti ya idara zetu kila mwaka.

Hoja yangu jioni hii ni kwamba ombi la fedha za teknolojia ni andiko la kitaaluma. Liandikwe na wanaofundisha, likianzia kwenye kazi ambayo mwanafunzi anatakiwa kuimudu, na lihesabu kila shilingi hadi siku kifaa kitakapofutwa kwenye daftari la mali.

Utaratibu uliozoeleka katika vyuo vingi mnaujua. Waraka unatoka ofisi ya mipango ya chuo ukitaja ukomo wa bajeti na siku ya mwisho. Mkuu wa idara, ambaye ana mitihani ya kusahihisha, anafungua jedwali la mwaka uliopita, anabadilisha mwaka, anaongeza kidogo kila mstari, anatuma. Jedwali linasema: kompyuta 40, projekta 3, printa 2. Halisemi kompyuta hizo zitafundishia somo gani, kwa wanafunzi wangapi kwa zamu, wala zilizopo zina umri gani. Kamati inayolipokea haina namna ya kujua kama inanyima maabara ya takwimu au inanyima mapambo ya ofisi.

Sasa tupige hesabu, kwa maana hapa ndipo penye uzito wote. Tuchukulie maabara ya kompyuta 40, kila moja shilingi milioni 2. Ununuzi ni milioni 80, na hiyo ndiyo namba inayoingia kwenye jedwali. Kompyuta na kioo chake ikitumia wati 100 hivi, maabara nzima inakula kilowati 4. Kwa saa 10 kwa siku na siku 200 za masomo, hizo ni uniti 8,000 za umeme kwa mwaka. Viyoyozi viwili vya chumba cha ukubwa huo vinaweza kula kiasi hicho hicho, na mtu aliyewahi kukaa Dar es Salaam mwezi Februari hatasema tuviache. Jumla uniti 16,000. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 350 kwa uniti ni milioni 5.6 kwa mwaka, yaani milioni 28 kwa miaka mitano. Betri za vifaa vya kulinda umeme hazifiki miaka mitano; mara nyingi huchoka baada ya miaka mitatu au minne, na kuzibadilisha zote, moja kwa kila kompyuta, kwa laki moja moja ni milioni 4. Matengenezo, tukiyakadiria kwa asilimia 5 tu ya bei ya ununuzi kila mwaka, ni milioni 20 kwa kipindi chote.

Maabara ya milioni 80 imekuwa ya milioni 132, na bado sijataja leseni ya programu hata moja wala mshahara wa fundi sanifu. Milioni hizo 52 zitalipwa kwa njia moja au nyingine. Zisipolipwa kwa fedha, zitalipwa kwa kompyuta 15 zilizofunikwa vitambaa ukutani na wanafunzi watatu wakigombania kipanya kimoja.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha njia. Kama maisha ya kompyuta ni miaka mitano, maabara ya kompyuta 40 inahitaji 8 mpya kila mwaka, shilingi milioni 16, bila kishindo. Idara inayoomba milioni 16 kila mwaka ni rahisi kusikilizwa kuliko ile inayokaa kimya miaka saba kisha ikaja na milioni 80 kwa dharura. Na dharura nyingi za teknolojia hazistahili jina hilo. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tarehe hiyo ilikuwa imetangazwa miaka mingi kabla. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 ilijulikana pia kwamba kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti yake. Idara yenye daftari linaloonyesha umri wa kila mashine ilikuwa na bajeti nne za kujipanga. Isiyo na daftari ilishtushwa na jambo lililokuwa hadharani.

Kuhusu leseni, kila mstari wa leseni uandikwe pamoja na sarafu yake. Programu nyingi za takwimu, ramani na usanifu hulipiwa kwa dola kila mwaka, na shilingi ikishuka katikati ya mwaka wa fedha pengo linaiangukia idara. Kwa masomo mengi zipo programu huria zinazotosha: R kwa takwimu, QGIS kwa ramani, Moodle kwa ufundishaji mtandaoni, Koha kwa maktaba. Mimi naziunga mkono kwa moyo wote. Lakini mhadhiri aliyefundisha kwa SPSS miaka kumi anahitaji muda na mafunzo ili aandae upya mazoezi yake kwa R, na muda huo uingie kwenye ombi kama gharama halali.

Tuje kwenye kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mwongozo wa bajeti hutolewa miezi mingi kabla, kwa hiyo idara inaandika karibu na mwisho wa mwaka wa kalenda mahitaji ambayo fedha yake itaanza kutoka Julai, mara nyingi kwa mafungu. Ununuzi lazima uwemo kwenye mpango wa mwaka na upite kwenye mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST, na miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma inaguswa na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, kwa hiyo Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo ina neno lake. Kifaa kinaweza kufika darasani mwaka mzima baada ya kuandikiwa ombi. Ndiyo maana ni kosa kuandika jina la modeli iliyopo dukani leo. Andika kazi: kompyuta iweze kuchakata picha za satelaiti za ukubwa huu, iwe na kumbukumbu isiyopungua kiasi hiki, dhamana yake iwe ya miaka mitatu. Sheria ya ununuzi yenyewe haipendi jina la chapa likae peke yake kwenye zabuni.

Nani aandike? Nitasema jambo ambalo wakuu wa idara wenzangu hawatalipenda. Anayezijua kompyuta zetu kuliko sisi sote ni fundi sanifu wa maabara, na katika idara nyingi haitwi kwenye kikao cha bajeti. Yeye ndiye anayejua kwamba tatizo la chumba cha pili ni swichi iliyoungua nusu, na kwamba ikinunuliwa swichi moja kompyuta 12 zitarudi kazini bila kununuliwa nyingine. Taarifa hiyo ina thamani ya mamilioni na imo kichwani mwa mtu aliyeketi korido moja na sisi. Kikao cha bajeti cha idara kianze na taarifa yake.

Kuna tabia nyingine inayotuumiza: idara kuomba mia ili ipewe hamsini. Kamati inaijua, kwa hiyo inakata nusu kwa kila mtu, na idara iliyosema kweli inaadhibiwa pamoja na iliyotia chumvi. Mkato wa asilimia sawa ni mbaya zaidi kwenye teknolojia, kwa sababu vifaa vinategemeana. Ukikata nusu ya ombi la maabara unaweza kubaki na kompyuta zisizo na nyaya za mtandao, au mtandao usio na umeme salama. Idara iandike ombi lake kwa ngazi: kwa fedha yote tutafundisha masomo haya matatu kwa vitendo, kwa theluthi mbili tutafundisha mawili, kwa theluthi moja tutalinda lililopo. Kamati nayo ikate ngazi nzima, ijue imeondoa somo gani, na iweke uamuzi huo kwenye muhtasari.

Mtandao nao una funzo lake. Kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ilipoanza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, Afrika Mashariki iliacha kutegemea satelaiti kwa gharama kubwa. Hapo vyuo vingi viligundua kwamba kizuizi kilikuwa pia ndani ya uzio: nyaya chakavu, swichi za zamani, majengo yasiyounganishwa. Na Mei 2024 kebo hizo mbili zilipokatika karibu wakati mmoja, nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, zilikaa na intaneti ya kusuasua. Idara iliyoweka notsi, video na mazoezi yake yote nje ya nchi ilisimama. Seva ya ndani ya chuo yenye nakala za mafunzo haina mvuto kwenye jedwali la maombi, lakini siku ile ndiyo iliyotofautisha darasa lililoendelea na lililofungwa.

Nasema haya nikiuangalia mradi wa HEET, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, unaojenga na kuvipa vifaa vyuo vya umma nchini. Nauthamini sana. Mradi una mwisho wake, na baada ya hapo umeme, betri, leseni na ubadilishaji wa kila kifaa kilicholetwa vitakuwa matumizi ya kawaida ya chuo. Idara ambazo hazijaanza kuandika gharama hizo kwenye makadirio yao ya mwaka ujao zimeshachelewa kwa mwaka mmoja.

Ninaliomba Baraza la Chuo mambo mawili. Kwanza, kasma ya kudumu ya kubadilisha vifaa, isiyohamishwa katikati ya mwaka, ikikokotolewa kutoka kwenye umri wa vifaa ulioandikwa kwenye daftari la mali. Pili, kwamba ombi lolote la vifaa vya teknolojia lisilo na gharama za miaka mitano, jina la somo litakalohudumiwa na saini ya fundi sanifu lirudishwe kwa idara kabla ya kufika kwenye Kamati ya Fedha na Mipango. Fomu ya kurasa mbili inatosha. Waraka wa bajeti ijayo haujatoka. Fomu hiyo inaweza kwenda nao.