Bakapu ikinyamaza, usiseme iko salama

(Mada niliyoitoa kwenye mafunzo ya makatibu wa vijana wa kata, Shinyanga na Geita. Nimeinyoosha kidogo tu isomeke.)



Najua baada ya ule wali, mada ya kompyuta ni usingizi mtupu. Basi nianze na kura moja. Mwaka 2010, ubunge wa Shinyanga Mjini uliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Moja! Siku kama ile anayesikilizwa ni mwenye karatasi: fomu za matokeo za kila kituo, zenye saini za mawakala. Na kesi ya kupinga matokeo ya ubunge inatakiwa ifunguliwe ndani ya siku 30. Wiki ya nne siyo wakati wa kuanza kuulizana nani ana picha za fomu.

Sasa hizo picha tunaziweka wapi? Kwenye kompyuta moja ya ofisi. Oktoba 2015 polisi waliingia kwenye kituo cha waangalizi wa uchaguzi wa asasi za kiraia, Dar es Salaam, wakakamata watu 36 na kuondoka na kompyuta na simu. Kilichopo kwenye mashine moja huondoka na mashine. Na hata polisi wasipokuja, umeme unakatika, vumbi lipo, mwizi naye yupo.

Mtaniambia, "Kamanda, sisi tunabakapu." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Tulikuwa na diski ya nje, imepangiwa kunakili kila usiku saa 4. Siku kompyuta ilipokufa nikaichomeka diski kwa mbwembwe mbele ya wazee. Faili la mwisho lilikuwa la miezi minne nyuma. Diski ilishajaa! Kila usiku kazi ilianza, ikakwama, ikanyamaza, na mimi nikadhani kimya ni usalama. Daftari la wanachama wa kata tatu tuliliandika upya kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, si mlishaniandika?" Nikaangalia chini.

Nyie wa Katoro na Nyarugusu mnajua maduara. Mwenzako akishuka chini na kamba ikakaa kimya muda mrefu, wa juu hasemi "yuko vizuri huyo". Anaita. Bakapu nayo lazima iitike kila siku, kwa barua pepe.

Kwenye Windows, andika skripti fupi ya PowerShell: inakili faili, halafu itume barua. Ipangie kwenye Task Scheduler. Msiweke usiku kama ofisi inazima kompyuta. Wekeni saa 7 mchana, na mtie alama ile ya kuendesha kazi iliyokosa muda wake. Msitegemee kile kitufe cha zamani cha kutuma barua ndani ya Task Scheduler, kilishaachwa siku nyingi. Wenye Linux mna cron, mambo yenu mepesi.

Hapa wengi wanateleza: robocopy ikimaliza inarudisha namba. Ukizoea kwamba sifuri ndiyo salama, utapata kengele za uongo kila siku, kwa sababu 1 maana yake imenakili faili vizuri. Kosa linaanzia 8 kwenda juu. Kengele ya uongo ikilia wiki mbili, ya tatu hakuna anayeifungua.

Kichwa cha barua kianze na SAWA au IMEKWAMA, kisha jina la kata. Ndani: saa, idadi ya faili, nafasi iliyobaki kwenye diski. Basi. Msiambatanishe daftari la wanachama! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na jina la mwanachama likivuja, anayesumbuliwa ni yeye kule kijijini, siyo wewe uliyeandika skripti. Kwa Gmail, tengenezeni akaunti ya kazi hiyo tu, muwashe uthibitisho wa hatua mbili, mchukue ile nywila ya programu yenye herufi 16. Nywila yako binafsi usiiandike kwenye skripti.

Barua iende kwa watu watatu, mmoja awe wilaya nyingine. Ikifika jioni bila barua, wa kwanza kuona anapiga simu. Ndiyo, hata kama barua ya IMEKWAMA haijaja, maana kompyuta iliyoibiwa haitumi barua ya kwaheri.

Na nakala ya pili isikae droo moja na kompyuta. Ifungeni kwa nywila, ikae kwingine. Kila mwisho wa mwezi rudisheni faili moja, mlifungue, mlisome kwa macho.

Haya, washeni laptopu. Aliyekuja na diski ya ofisi aichomeke sasa hivi, atuambie tarehe ya faili la mwisho. Kamanda wa Kahama, anza wewe.