Klachi ya Gari la Spoti la Kila Siku: Nunua kwa Kazi, Si kwa Jina



Nimeombwa kuzungumza juu ya klachi. Si ya lori wala ya basi, bali ya magari madogo ya spoti yenye gia za kubadili kwa mkono: Toyota Altezza, Subaru Impreza na mengine ya namna hiyo. Yaliundwa Japani yakiwa na mwendo wa kasi akilini mwa waundaji, lakini wengi wenye nayo huyatumia kwenda kazini, sokoni na kuwapeleka watoto shule. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu: klachi huchaguliwa kwa kazi ambayo gari linafanya, si kwa sifa zilizochapwa kwenye boksi.

Jambo hili si dogo. Klachi haibadilishwi bila kushusha giaboksi, kwa hiyo anayekosea kipuri humlipa fundi mara mbili. Tena ni suala la usalama. Anayetoka Ntendo kwenda Muze hushuka kutoka nyanda za juu za Ufipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, mteremko wa takriban mita 1,000. Dereva mwenye busara huteremka kwa gia nzito ili injini izisaidie breki. Klachi inayoteleza huupunguza msaada huo, na mzigo wote huziangukia breki.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa. Klachi ina sehemu kuu tatu: klachi pleti yenye uso wa msuguano, presha pleti inayoibana kwenye flaiwili ya injini, na beringi inayofanya kazi unapokanyaga pedeli. Ikiwa injini inanguruma zaidi huku mwendo hauongezeki, hasa mlimani, klachi inateleza. Lakini ikiwa pedeli inazama au gia zinaingia kwa kukwaruza, huenda kasoro iko kwenye masta au silinda ya klachi, vipuri ambavyo katika magari niliyoyataja hubadilishwa bila kushusha giaboksi. Na iwapo klachi pleti imelowa oili, zibeni kwanza mvujo. La sivyo klachi mpya nayo italowa.

Ukishathibitisha kwamba klachi imekwisha, zingatia mambo matano.

Kwanza, nenda dukani na namba ya chesisi, si na jina la gari pekee. Altezza zilizotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005 zilitoka na injini za aina mbili, moja ya silinda nne na nyingine ya silinda sita. Impreza nazo ziko zenye tabo na zisizo na tabo. Katika baadhi klachi huachia kwa beringi kusukuma, katika nyingine kwa beringi kuvuta. Vipuri hivyo havibadilishani hata kama magari yanafanana barabarani. Mwombe fundi akuhifadhie klachi ya zamani, uilinganishe na mpya: kipenyo, idadi ya meno ya katikati na kimo cha presha pleti.

Pili, chagua uso wa msuguano unaoendana na matumizi. Klachi ya kawaida, ya aina iliyowekwa kiwandani, hushika kwa ulaini na huvumilia foleni, vilima na kurudi nyuma. Zile za mashindano, zenye vipande vichache vya seramiki au vya madini, hustahimili joto kubwa, lakini hushika kwa ghafla, hutikisa gari wakati wa kuondoka na huweza kuila flaiwili upesi. Presha pleti yake mara nyingi ni ngumu, na mguu huchoka. Msihadaike na boksi lililoandikwa daraja la kwanza, la pili au la tatu: hakuna kipimo kimoja cha kimataifa cha madaraja hayo, kila mtengenezaji hupanga yake. Ulizeni kipuri kinahimili msokoto wa kiasi gani, mlinganishe na wa injini yenu. Na kumbukeni kwamba mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, ambako hewa ni nyepesi: injini isiyo na tabo haifikishi hapa nguvu iliyoandikwa kwenye vitabu vyake. Mwenye injini ambayo haikuongezwa nguvu hana sababu ya kununua klachi ya mashindano.

Tatu, nunua seti kamili. Kuweka klachi pleti mpya juu ya presha pleti iliyochoka, au kuacha beringi ya zamani, ni kuokoa shilingi leo na kuilipia kesho. Flaiwili ikaguliwe, ikiwa na mikwaruzo au alama za kuungua, isawazishwe na fundi wa mashine au ibadilishwe. Baada ya kufunga, endesha kwa upole kilomita 500 hadi 800 za mwanzo.

Nne, jihadhari na bandia na mtumba. Boksi lenye maandishi yaliyokosewa, kipuri kisicho na namba iliyochongwa, au bei iliyo chini mno kuliko maduka yote, ni dalili za kutilia shaka. Klachi ya mtumba haikuambii imebakiza umri gani. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Tano, sema kazi yako kwa sauti, na uiandikishe. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake, kipuri kinapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Anayetaja jina la biashara tu na kulipa, huenda akaudhoofisha utetezi wake. Basi mwambie muuzaji: “Gari langu ni hili, chesisi yake ni hii, nalitumia kila siku.” Kisha dai risiti ya kielektroniki, na namba ya kipuri pamoja na muda wa dhamana viandikwe. Tunza boksi na kipuri cha zamani.

Ukiuziwa kisichofaa, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na ndiyo inayopambana na bidhaa bandia. Masuala ya ubora yapelekeni Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Malalamiko yenye ushahidi humfaa anayelalamika, na humlinda pia jirani ambaye angeingia duka lilelile kesho.

Ndugu zangu, hakuna aibu kununua klachi ya kawaida kwa gari la spoti. Gari linaloondoka taratibu sokoni, likapanda kilima bila kuteleza na kuteremka likiwa mikononi mwa dereva wake, limepata klachi inayolifaa.