Kaya Nayo Iwe na Makisio Yake ya Mwaka



Kila mwaka chama cha msingi huitisha mkutano mkuu, na miongoni mwa kazi za mkutano huo ni kupitisha makisio ya mapato na matumizi pamoja na ukomo wa madeni. Ndivyo ushirika unavyotakiwa kuendeshwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, na ukomo huo hupelekwa kwa Mrajis ili auidhinishe. Mwanachama hunyoosha mkono kuyapitisha makisio ya chama chake, kisha hurejea nyumbani kwake Mwankoko, Mtamaa au Unyambwa, katika kaya isiyo na makisio yoyote. Hapo ndipo udhaifu wa vyama vingi unapoanzia. Makisio ya chama si kitu kingine ila jumla ya makisio ya kaya. Ikiwa kaya zinakisia kwa matumaini, chama nacho kitakisia kwa matumaini, na deni litakalobaki halitalipwa kwa matumaini.

Mazungumzo haya yanahusu namna kaya ya mkulima wa Singida Mjini na kandokando yake inavyoweza kujiwekea malengo ya mwaka yanayotimizika.

Ekari Iliyolimwa si Gunia Ghalani

Katika miaka ya 1970, hasa baada ya ukame wa mwaka 1973 na 1974, nchi ililazimika kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Ndipo ilipoendeshwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Katika juhudi za miaka ile, sehemu nyingi za nchi, kaya zilipangiwa idadi ya ekari za kulima. Nia ilikuwa njema, kwa maana njaa haikuwa jambo la mzaha. Lakini ekari ni kipimo cha mwanzo wa msimu, na gunia ni kipimo cha mwisho wake. Kati ya hivyo viwili kuna kupanda, kupalilia, kufukuza ndege, kuvuna na kuhifadhi. Lengo linalotaja ekari peke yake halijataja kazi.

Desturi hiyo ya kuhesabu ekari ingali nasi hata leo, ingawa hakuna tena anayetulazimisha. Mtu husikia jirani amelima ekari nane, naye hutangaza kwamba mwaka huu atalima nane.

Mfano wa Kaya Moja

Na ichukuliwe kaya ya watu sita: bibi, baba, mama na watoto watatu. Hesabu zitakazotolewa hapa ni za mfano tu. Kila kaya itaweka zake.

Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashika, kaya hiyo inakaa chini kupanga. Baba anasema mwaka huu watalima ekari nane. Bibi, ambaye ameiona misimu mingi kuliko wote, anauliza:

"Mwanangu, mwaka jana palizi mliimaliza lini?"

"Mama, hatukuimaliza. Ekari mbili zilimezwa na majani."

"Basi hizo nane atazipalilia nani?"

Swali hilo ndilo msingi wa mpango mzima. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mara nyingi hutokea siku kadhaa za ukavu katikati ya msimu, kuelekea mwezi wa Februari. Mmea uliochelewa kupaliliwa hunyang'anywa unyevu na magugu wakati ule ule unaouhitaji zaidi. Hakuna msimu wa pili wa kusahihisha makosa ya kwanza.

Tuseme katika kaya hiyo kupalilia ekari moja, yaani hatua 70 kwa 70, humchukua mtu mmoja siku 12 kwa jembe la mkono. Baba ni mikono kamili, na mama vilevile. Watoto wako shuleni, na kazi yao ya Jumamosi ikijumlishwa pamoja yaweza kuhesabiwa kuwa nusu ya mtu. Bibi anabaki nyumbani kwa kazi ambazo nazo ni kazi. Jumla ni watu wawili na nusu. Ekari tano zinahitaji siku 60 za mtu mmoja. Zikigawanywa kwa wawili na nusu zinakuwa siku 24, yaani wiki nne za kazi. Ekari nane zinahitaji siku 96, ambazo zikigawanywa vivyo hivyo zinakuwa siku 39, yaani wiki sita na nusu. Kufikia wiki ya sita, mtama wa ekari za mwisho utakuwa umekwisha kudumaa. Na mahali penye kiduha, gugu hilo litakuwa limekwisha kuunyonya mtama mizizini hata kabla halijachomoza juu ya ardhi.

Kwa hiyo ekari tano si uvivu. Ni ukweli wa mikono iliyopo. Mwenye maksai na palizi ya kukokotwa atapata hesabu nyingine, na ndiyo sababu kila kaya ihesabu yake.

Kwanza Chungu, Kisha Soko

Baada ya kujua ekari zinazowezekana, kaya igawanye ekari hizo. Chakula kitangulie. Kwa tahadhari, kaya yetu ya mfano inahesabu gunia mbili za nafaka, kilo 100 kila moja, kwa kila mtu kwa mwaka, pamoja na mbegu na wageni. Kwa watu sita, hizo ni gunia 12.

Je, ekari moja itatoa gunia ngapi? Hapa watu wengi hutaja mwaka wao bora. Daftari lakini halibembelezi. Linaonyesha kwamba miaka mitatu iliyopita ekari moja ya mtama ilitoa gunia 5, kisha 7, kisha 2. Wastani ni gunia nne na nusu na zaidi kidogo. Kaya na ipange kwa gunia nne. Gunia 12 zikigawanywa kwa nne, jibu ni ekari tatu. Ekari tatu basi ziwe za mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukavu kuliko mahindi. Ekari mbili zilizobaki ziwe za alizeti, zao la biashara linalojulikana sana mkoani na lenye viwanda vya kukamulia mafuta papa hapa mjini.

Asiye na daftari aanze mwaka huu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu wa chama anaweza kumsaidia mwanachama asiyezoea kuandika, kwa kumchorea safu nne tu: zao, ekari, gunia zilizovunwa, gunia zilizouzwa.

Jibu la Mwaka Mbaya

Lengo halijakamilika mpaka liwe na jibu la mwaka mbaya. Ikiwa ekari itatoa gunia mbili kama ilivyowahi kutokea, ekari tatu zitatoa gunia sita, yaani chakula cha nusu mwaka. Kaya iamue mapema, Novemba, wakati vichwa vimetulia: ni mbuzi wangapi watauzwa, na watauzwa lini. Anayeuza mbuzi Juni, wanyama wakiwa wamenona, hapati bei ya yule anayemuuza Januari, mbuzi amekonda na nafaka imepanda bei.

Na mwaka mwema nao uwe na jibu lake. Ekari ikitoa gunia saba, kaya itakuwa na gunia 21, na tisa kati ya hizo ni ziada. Hapo ndipo wengi huuza ziada yote Juni, kisha wakanunua debe kwa debe Februari ya mwaka unaofuata. Gunia nne au tano za ziada hiyo zibaki kuwa akiba ya mwaka mbaya. Mtama uanikwe ukauke vizuri, kisha uwekwe katika kihenge safi au mifuko isiyopitisha hewa, ili fukusi wasiufanye unga kabla ya wenyewe. Kaya yenye mahindi iwe na uangalifu zaidi. Dumuzi alionekana nchini kwa mara ya kwanza upande wa Tabora, jirani yetu, karibu na mwaka 1980, na tangu hapo ametafuna ghala nyingi.

Ukomo wa Deni la Kaya

Kama chama kina ukomo wa madeni, kaya nayo iwe nao. Katika mfano wetu, ekari moja ya alizeti ilitoa gunia 6, kisha 6, kisha 3. Kwa kawaida ekari mbili zitatoa gunia kumi. Lakini deni lisikopwe kwa kutazama gunia kumi. Litazamwe kwa gunia sita za mwaka mbaya, na thamani ya nusu ya hizo, yaani gunia tatu, ndiyo iwe mwisho wa mkopo. Mwanachama anayejaza ekari nane katika fomu ilhali mikono yake ni ya ekari tano, hamdanganyi katibu peke yake. Anawatwisha wanachama wenzake deni lake. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wanaoukumbuka wakati huo wanajua jinsi ilivyo kazi kukijenga upya kilichobomoka.

Malengo Matatu Yatosha

Mshika mbili moja humponyoka. Kaya isijaze ukurasa kwa malengo kumi. Yatosha matatu: la chakula, la mapato, na moja la kitu cha kudumu, kama kihenge kipya au banda la kuku. Kila lengo liandikwe pamoja na kiasi, mwezi na jina la mhusika.

Tuseme lengo la kudumu la kaya yetu ni banda la kuku. Mwaka jana vifaranga 60 waliangulia, wakakua 20 tu. Lengo lisiwe kuku 60. Liwe 30, na lieleze njia: banda liwe limekamilika kabla ya Agosti, na chanjo ya mdondo itolewe kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni. Mhusika wa chanjo ni mama, na mtoto mkubwa ndiye mwandishi wa tarehe. Kaya inayotimiza 30 itaweza kupanga 40 mwakani kwa moyo mkunjufu. Kaya iliyopanga 60 ikapata 30 huona imeshindwa, ingawa imeongeza kumi.

Mpango huo usomwe tena mbele ya kaya nzima mara mbili: Januari, kupanda kukiwa kumekwisha, na Juni baada ya mavuno. Januari husahihishwa kazi, na Juni husahihishwa hesabu. Kina mama na vijana wawe na sauti katika vikao hivyo, kwa kuwa mikono yao imo katika kila ekari iliyotajwa.

Ndugu Makatibu, kabla ya kukusanya maombi ya mbegu na mikopo ya msimu ujao, kila mwanachama na aulizwe maswali mawili. La kwanza, miaka mitatu iliyopita ulivuna gunia ngapi? La pili ni lile la bibi: atakayepalilia ni nani? Mwenye majibu ya maswali hayo ana mpango. Asiye nayo asaidiwe kuyatafuta kabla hajatia sahihi.

Ushirika ni nguvu, na nguvu hiyo huanzia jikoni mwa kila mwanachama.