JINA LAKO KATIKA KOMPYUTA YA KITUO CHA AFYA

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa kambi, Wilaya ya Rusizi)



Wengi mmeuliza: "Mbona siku hizi mwuguzi haandiki daftarini, anaandika katika kompyuta? Na kwa nini mtu aitwe kwa utafiti, hali hakujiandikisha?" Leo tutajibu.

Kuandika wagonjwa kwa kompyuta si jambo geni katika nchi zetu. Kituo cha Mosoriot, Kenya, kilianza mwaka 2001. Mwaka 2006 programu iitwayo OpenMRS ilianza kutumika Eldoret, na mwaka huo huo hapa Rwanda, kule Rwinkwavu. Faida yake kubwa ni kwamba ukipoteza kadi, habari za dawa zako hazipotei.

Faida nyingine ni utafiti. Tuseme waganga wanataka kujua dawa ipi yawafaa zaidi wenye ugonjwa wa sukari. Zamani mtu alifunua madaftari moja moja, kwa wiki nyingi. Kompyuta huulizwa: "Nionyeshe watu wazima wenye sukari waliotibiwa mwaka huu," nayo hujibu mara moja. Lakini kompyuta huona kile tu kilichoandikwa. Jina lako likiandikwa leo hivi na kesho vingine, utahesabiwa watu wawili. Kwa hiyo njoo na kadi yako kila mara, ulitaje jina lako vile vile.

Sasa tuseme lililo moyoni. Sisi wa maeneo haya tunaogopa orodha za majina, nasi tuna sababu. Mwezi wa Aprili 1994, katika uwanja wa Kamarampaka hapa Cyangugu, watu waliokimbilia humo waliitwa kwa orodha, wakatolewa nje, wakauawa. Basi anayeuliza "jina langu linakwenda wapi?" si mkaidi. Anauliza swali la haki, na lazima ajibiwe.

Jibu ni hili. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti, zinazolindwa kuliko nyingine. Utafiti juu ya watu unahitaji kibali cha kamati ya maadili, na Rwanda inayo kamati yake ya taifa. Utaratibu mzuri ni kwamba mtafiti hupewa hesabu kwanza, siyo majina: "wapo watu kadhaa wenye sukari." Kisha mwuguzi anayekutibu, ambaye tayari anakujua, ndiye akuulize kama unapenda kuzungumza na mtafiti. Hapo ndipo jina lako litolewe, nawe umekubali.

Ukiitwa, uliza maswali matano:

1. Wewe ni nani, na umetumwa na nani?
2. Kibali kiko wapi?
3. Mtanifanyia nini, na kuna hatari gani?
4. Nani ataona jina langu?
5. Nikiwa na malalamiko, nimwendee nani?

Usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kusomewa karatasi kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kwenda nyumbani kwanza kushauriana na jamaa zako.

Kukataa si kosa. Ukikataa, dawa yako, chakula chako na kadi yako ya ukimbizi visiguswe. Mtu akikutisha kwa hayo, huyo amevunja utaratibu, mtoe taarifa. Aliyekubali pia aweza kuondoa ruhusa yake baadaye.

Lakini msikatae kwa hofu tu. Dawa zinazojaribiwa kwa watu wengine peke yao huenda zisitufae sisi vizuri. Anayekubali kwa kuelewa huwasaidia watakaougua baada yake.

Kompyuta itafute ugonjwa. Ruhusa itafutwe kwako.