Dawa Kwanza, Kamera Baadaye: Kusafisha Filamu Zenye Kontrasti Kali



Filamu nyingi za ISO 20 au 25 asili yake ni kunakili nyaraka. Chembe zake za fedha ni ndogo mno na zinakaribiana ukubwa, kwa hiyo huamka karibu zote kwa kiasi kilekile cha mwanga. Kwa herufi za gazeti hiyo ni neema. Kwa bibi aliyeketi juani na kanga nyeupe ni balaa. Roli yangu ya kwanza niliisafisha kwa dawa ya kila siku. Kwenye picha kanga ikawa chokaa, uso ukawa lami. Pindo lenye maua halikuonekana kabisa, na bibi yule nilikuwa nimemwahidi picha.

Wengi wetu hukimbilia kuongeza maji. Rodinal, dawa ya tangu 1891, kwa sehemu moja ya dawa na mia za maji, imeokoa roli nyingi, nami siidharau. Lakini tuangalie kilichomo ndani ya dawa. Katika dawa ya kawaida kama D-76, metoli huanza kazi, na kila inapochoka haidrokwinoni huihuisha, hivyo sehemu zilizopata mwanga mwingi huzidi kuwa nzito kwenye negativu. Mwaka 1967 mkemia wa Marekani, Marilyn Levy, alichapisha dawa isiyo na haidrokwinoni, POTA: gramu 1.5 za fenidoni na gramu 30 za sodiamu salfaiti katika lita moja ya maji. Kwenye mwanga mkali fenidoni huchoka mapema, isipate wa kuihuisha. Kwenye vivuli huendelea taratibu. Hapo ndipo pindo la kanga hurudi.

Gharama ya dawa laini kama hii ni kasi ya filamu. Technical Pan ya Kodak, ambayo haitengenezwi tena, ilipigwa kwa ISO 25 ikisafishwa kwa dawa laini ya Technidol, ilhali kwa dawa kali kama D-19 ilifika 100 na zaidi. Ndiyo maana nasisitiza dawa ichaguliwe kabla filamu haijaingia kwenye kamera. Anayetumia CMS 20 ya Adox atafute Adotech, iliyotengenezwa kwa ajili yake.

POTA haitunziki. Salfaiti iyeyushwe kwanza katika maji ya moto, fenidoni ifuate, mchanganyiko upoe na utumike siku hiyohiyo. Vipimo vingi vya muda huandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar es Salaam huweza kufika 28. Chupa ikae kwenye beseni la barafu, la sivyo kontrasti tuliyoikimbia inarudi. Tanki litikiswe kwa nguvu tangu sekunde za mwanzo, maana dawa dhaifu huacha michirizi upesi.

Baada ya chai tutachanganya lita moja hapa mezani. Mizani ipo, barafu ipo.