Wachopozi wa Miji ya Watalii



Watu wa Afrika ya Mashariki waendao Ulaya siku hizi ni wengi: mwanafunzi, mfanya biashara, mwana-kwaya, na Mkristo aendaye kuzuru Roma. Nauli ya mtu kama huyo mara nyingi ni mchango wa jamaa nzima, na vitu vichache alivyo navyo mfukoni, yaani pasipoti, fedha, kadi ya benki na simu, ndivyo vimwezeshavyo kula, kulala na kurudi kwao. Yafaa basi, kabla hajafunga safari, ajue habari za watu wanaoishi kwa kutia vidole katika mifuko ya wageni.

Wengi hudhani ya kuwa mchopozi ni mtu aliyechakaa, mwenye macho ya wasiwasi. Katika Paris, Roma na Barcelona sivyo alivyo. Huvaa vizuri, hushika ramani kana kwamba yeye naye ni mgeni, na pengine ni mtoto. Tarehe 10 Aprili 2013 wafanyakazi wa Louvre, jumba kubwa la makumbusho mjini Paris, waliacha kazi na jumba likafungwa, kwa sababu wachopozi walikuwa wamezidi mno humo ndani, na baadhi yao walikuwa watoto, ambao huingia pasipo kulipa. Tarehe 22 Mei 2015 wafanyakazi wa Mnara wa Eiffel nao wakagoma kwa sababu ya wezi hao hao. Polisi wa Ufaransa si wachache. Ila wizi huu hauna silaha wala kelele, na aliyeibiwa mara nyingi hajui hata saa alipoibiwa.

Tena mchopozi hafanyi kazi peke yake. Mmoja huziba njia, wa pili huvuta macho ya mgeni, wa tatu huchomoa, na kitu kikiisha kutoka hupokewa na wa nne, ambaye huenda zake bila ya haraka. Ndiyo sababu mwizi akishikwa mkono papo hapo, mara nyingi hukutwa hana kitu.

Katika Paris wasichana humjia mgeni na karatasi juu ya ubao, wakijifanya viziwi, wamwombe atie sahihi kwa ajili ya maskini. Naye akiinama kuandika, ubao umekwisha kuufunika mkoba wake, na chini ya ubao mna mkono. Katika ngazi za kanisa la Sacré-Cœur vijana humfunga mtu uzi wa rangi kidoleni kama zawadi, na mtu aliyefungwa kidole hana mkono wa kulinda mfuko. Katika Barcelona mgeni humwagiwa uchafu mgongoni, kisha hutokea mtu mwenye huruma na kitambaa, akampangusa vizuri sana.

Hila zote hizi zina mzizi mmoja. Mtu aliyelelewa vizuri huona haya kumpita mtu anayemsemesha, na haya hiyo ndiyo mtaji wa mwizi. Kwetu asiyeitikia salamu huhesabiwa mtovu wa adabu. Lakini katika njia hizo wenyeji wenyewe hupita kimya, wasisimame, wala hakuna anayewalaumu. Mgeni na afanye kama wao. Akichafuliwa nguo, asikubali kupanguswa. Na aingie dukani ajisafishe mwenyewe.

Mahali pa hatari kupita pote ni penye msongamano: barabara ya La Rambla katika Barcelona, treni za chini ya ardhi, na basi nambari 64 la Roma, litokalo stesheni ya Termini kwenda upande wa Vatikano, ambalo hujaa mahujaji. Katika treni mwizi hungoja milango ikaribie kufungwa; huchomoa, huruka nje, na treni huondoka na mwenye mali. Hata bango lisemalo "Jihadharini na wezi" humsaidia mwizi, kwani mgeni akiisha kulisoma hupapasa mahali alipoweka fedha, na yuko mtu anayemtazama.

Wako wasemao ya kuwa dawa ni adhabu kali. Uingereza ilikuwa na sheria ya kuwanyonga wachopozi mpaka mwaka 1808, na wachopozi walikuwa wakiiba katikati ya umati uliokuja kutazama watu wakinyongwa. Hispania ilifuata njia nyingine: katika sheria iliyorekebishwa mwaka 2015, wizi usiozidi yuro 400 ulihesabiwa kosa dogo la kutozwa faini, na mwaka 2022 ikaongezwa adhabu kwa wanaorudia rudia. Msafiri asingoje sheria imlinde.

Pasipoti na fedha nyingi na viwe ndani ya mfuko mwembamba uliofungwa kiunoni chini ya nguo, na fedha za siku hiyo tu ziwe karibu. Mfuko wa nyuma wa suruali si mahali pa kitu chochote. Mkoba uvaliwe mbele, na simu isiwekwe juu ya meza ya mkahawa hata kwa dakika moja. Treni ikijaa sana, na aingoje inayofuata.

Nakala ya pasipoti iwekwe mbali na pasipoti yenyewe, na nyingine iachwe nyumbani. Akiisha kuibiwa, kwanza apige simu benki kadi ifungwe, kisha aende polisi apewe karatasi ya taarifa. Nambari ya msaada wa hatari katika nchi hizo ni 112. Karatasi hiyo pamoja na nakala ndizo atakazopeleka kwa ubalozi. Kenya ina ubalozi katika Paris, Roma na Madrid. Lakini aliye Barcelona atapaswa kusafiri mpaka Madrid, na kwa hiyo noti chache zilizofichwa ndani ya soksi, mbali na nyingine zote, ndizo zitakazomlipia nauli.