Ugali Ukipunguzwa Mezani

Leo tungependa kuongea nanyi juu ya sahani ya chakula. Tunapowatembelea Wakristo majumbani, wengi hutuuliza: Kasisi, ni kweli kwamba mtu akipunguza ugali, chapati na sukari atapungua uzito na kupata afya? Na tena, je, ni vyema Mkristo kukataa chakula alichoandaliwa?

Maswali hayo si ya mzaha. Serikali ya Kenya ilipowapima watu wazima mwaka 2015, ilionekana kwamba watu 27 katika kila 100 walikuwa na uzito kupita kiasi. Kwa akina mama walikuwa 38 na zaidi katika kila 100, na kwa akina baba 17 hivi. Sisi tulio watumishi wa kanisa tunayaona matunda ya jambo hilo. Tunawaombea watu waliokatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na wengine wanaosafishwa damu kwa mashine kila juma. Tumewazika watu wa miaka 50 ambao baba zao walisimama kando ya kaburi wakiegemea fimbo.

Basi na tuanze na swali la kwanza. Tukila ugali, wali, mkate, viazi au muhogo, tumbo huvivunja vyakula hivyo kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Ndipo kongosho hutoa insulini, ambayo huifungulia sukari milango ili iingie mwilini na kutumika. Ile isiyotumika huwekwa akiba, kidogo katika ini na misuli, na inayosalia hugeuzwa kuwa mafuta. Baba zetu walioshika jembe tangu alfajiri waliimaliza akiba yao kabla ya jua kutua. Sisi twala ugali ule ule, pengine na sahani yetu ni kubwa kuliko yao, kisha twapanda matatu kwenda kuketi ofisini.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi. Kipande cha mkate kina gramu 15 hivi. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4. Basi mtu atiaye vijiko vitatu katika kikombe na kunywa vikombe vinne kwa siku amekwisha kumeza gramu 48 za sukari tupu kabla hajagusa chakula. Chakula cha wanga kidogo, kwa kipimo cha madaktari wengi, ni kile kisichozidi gramu 130 kwa siku. Wako wanaoshuka mpaka gramu 50, hata 20, lakini hiyo ni njia kali.

Njia hii si mpya. Huko London palikuwa na mzee mmoja aitwaye William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia mazishi, hata ya watu wakubwa. Alikuwa mfupi na mnene mno, asiweze kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Mwaka 1862 alimwendea daktari wa masikio, William Harvey, kwa kuwa alikuwa hasikii vizuri. Daktari akaona kwamba taabu ilikuwa unene. Akamkataza mkate, sukari, viazi na pombe ya bia, akamruhusu nyama, samaki na mboga. (Alimruhusu na mvinyo pia, lakini hapo hatutamfuata.) Katika mwaka mmoja Banting alishuka kutoka kilo 92 hivi mpaka 71. Alifurahi hata akachapisha kijitabu kwa gharama yake mwenyewe mwaka 1863, akawagawia watu bure. Aliishi mpaka miaka 81. Baadaye Robert Atkins wa Marekani alikuja na kitabu chake mwaka 1972, na huko Afrika Kusini Tim Noakes na wenzake waliifufua njia hiyo mwaka 2013, wakiiita kwa jina la yule mzee wa mazishi.

Lakini je, njia hii inashinda nyingine zote? Hapana, na tusidanganyane. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa mwaka mzima. Nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta, na wote walifundishwa kula mboga kwa wingi na kuacha sukari na vyakula vya viwandani. Wa wanga walipungua kilo 6 kwa wastani, wa mafuta kilo 5 na kidogo, tofauti isiyo na uzito. Faida ya kupunguza wanga, kwa maoni yetu, ni kwamba wengi huona njaa imetulia, na wenye ugonjwa wa sukari huiona sukari ya damu ikishuka upesi. Na kwetu Kenya, ambako wanga ndio unaojaza sahani, hapo ndipo penye kitu cha kupunguza.

Kuna ndugu wanaokimbilia habari za Danieli kule Babeli, aliyekula mboga na kunywa maji, wakisema hiyo ndiyo amri. Hatudhani Danieli alikuwa akipunguza tumbo. Alikuwa akikataa kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Na Sala ya Bwana yenyewe inaomba mkate. Kwa hiyo mtu asisimame kanisani akahubiri kwamba ugali ni dhambi. Hata hivyo, jambo moja katika habari ile linatupendeza: Danieli aliomba kwa adabu, akaweka muda wa siku kumi, kisha akakubali kupimwa mbele ya watu. Kila ajaribuye chakula kipya angefanya vivyo hivyo.

Sisi nyumbani tulijipa miezi mitatu. Tulipimwa kwanza uzito, presha na sukari ya damu katika zahanati. Ugali tuliupunguza ukawa kipande cha ukubwa wa ngumi kwa mlo wa mchana, na jioni tukauacha. Sahani tuliijaza sukuma wiki, kabichi, managu na kunde. Mayai tulikula, na omena, na maziwa lala, na avokado za shambani. Maharagwe na ndengu hatukuziacha; zina wanga, lakini pia zina protini na nyuzinyuzi ambazo huifanya sukari iingie mwilini polepole. Wengi wanadhani njia hii ni ya matajiri wa kula nyama kila siku. Debe la omena na kichala cha mboga havijamfilisi mtu.

Siku ya tatu kichwa kiliuma na miguu ikalegea. Supu yenye chumvi kidogo na maji mengi vilisaidia. Juma la kwanza mizani ilionyesha kilo mbili zimeondoka, na watoto wakapiga makofi, lakini sehemu kubwa ya hizo ilikuwa maji, kwa maana ile akiba ya sukari mwilini hushika maji, nayo ikitumika maji hutoka pamoja nayo. Baada ya hapo ikawa nusu kilo, robo kilo, na majuma mengine hakuna kitu. Mwisho wa miezi mitatu mkanda wa suruali uliingia matundu mawili ndani.

Sasa, wapenzi, sikilizeni hapa kwa makini. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa akijidunga insulini kwa miaka mingi, alisikia habari hizi kwa jirani. Jumatatu akaacha ugali, viazi na chai ya sukari kwa mara moja, lakini akaendelea kujidunga kipimo kile kile. Alhamisi alfajiri mkewe alimkuta amelowa jasho, hajitambui. Alikimbizwa hospitali, akatiwa maji ya sukari mshipani, akafumbua macho. Insulini ile ilikuwa imepimwa kwa ajili ya mtu alaye ugali. Ugali ulipoondoka, dawa ikawa nyingi kupita kiasi. Vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini vyaweza kuleta hatari hiyo hiyo. Hata dawa za presha pengine zitahitaji kupunguzwa. Kwa hiyo anayetumia dawa aonane kwanza na daktari, naye ndiye atakayezipunguza. Wala asiinuke mwingine akazitupa dawa zake akisema chakula kimemponya. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa figo wasijaribu kwa kusikia redio tu.

Swali la pili ndilo gumu zaidi, kwa maana linahusu upendo. Mwenyeji amechinja kuku, amesonga ugali, amechemsha chai. Siku ya Jumamosi tukitembelea nyumba tano, tutakuta chai tano, na sukari imekwisha kutiwa sufuriani. Tulipoomba chai isiyo na sukari, mama mmoja alituuliza, Kasisi, kwani kuna msiba? Tulicheka naye, lakini tulijua ameumia kidogo. Tangu hapo tunatuma habari mapema. Tukifika tunanawa, tunashukuru, tunachukua kipande kidogo cha ugali, na mboga ya mwenyeji tunaiomba mara ya pili, jambo ambalo kila mpishi hulifurahia. Hatuoni kwamba tumemkataa mtu.

Lakini yuko mwingine ambaye hana nafasi hiyo. Ni yule mama mwenye ugonjwa wa sukari aliyealikwa arusini, naye anaona haya kusema hali yake mbele ya wakwe. Atakunywa soda aliyofunguliwa, atakula wali na chapati, na usiku atateseka peke yake. Tulizungumza na akina mama wa kanisa juu ya jambo hilo, nao wakaona haki kwamba mgeni asilazimike kujieleza. Katika chai ya baada ya ibada sasa wanapika birika mbili, na sukari wameitoa katika sufuria na kuiweka mezani katika bakuli lenye kifuniko. Kando ya mandazi wanaweka mayai ya kuchemsha na njugu. Jumapili ya kwanza mayai yalikwisha kabla ya mandazi, na wakaagiza trei mbili kwa Jumapili iliyofuata.